Baiskeli za gia Lushoto: Hesabu kwanza siku zitakazolala

Wafanyabiashara wenye mitaji midogo wanaofikiria kununua baiskeli za gia ili kuzikodisha kwa wageni katika miji ya milimani wanashauriwa wasiangalie bei ya kununulia peke yake. Wahesabu pia siku ambazo baiskeli hizo zitalala bandani bila kazi. Hapo ndipo faida hupatikana, na hapo ndipo mtaji hupotea.

Makala hii imetokana na swali la msomaji mmoja, mama anayeuza karoti na kabichi huko Mbagala, wilayani Temeke. Mzigo wake hutoka Lushoto, mkoani Tanga, na madereva wa malori ndio waliomweleza kwamba wageni wanaofika huko hutafuta baiskeli za kutembelea na mara nyingine hukosa. Mama huyo yuko kwenye mchezo wa watu 12, kila mmoja akitoa Sh. 300,000 kwa mwezi. Zamu yake ikifika atapokea Sh. 3,600,000. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, nikinunua baiskeli kumi nikazipeleka kule, zitanilipa au zitanizika?"

Swali hilo linawahusu wengi. Wengi wa wenye mitaji ya kiasi hiki mitaani Kinondoni na Temeke huipata kwenye mchezo au kikoba, na fedha ya namna hiyo haina bima. Ikipotea, mhusika bado anadaiwa michango ya miezi iliyobaki. Kwa hiyo mwandishi wa safu hii alipanda basi kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, akaenda Lushoto kuijaribu njia yenyewe, kisha akarudi mjini kupiga hesabu.

Njia ndiyo bidhaa

Jambo la kwanza ambalo mwekezaji anapaswa kulielewa ni kwamba mgeni hakodi chuma. Anakodi safari. Njia ikiwa ngumu, mteja huenda mara moja, akarudi amechoka na kuwaambia wenzake wasijaribu. Njia ikiwa nyepesi hata kwa asiyezoea, baba huja na watoto, na ofisi huleta kundi zima.

Wengi wa Dar es Salaam hufikiria kwanza Morogoro kwa sababu ni karibu, na tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika huko. Lakini tazama mlima wenyewe. Mji wa Morogoro uko kwenye mita kama 500 kutoka usawa wa bahari, na Morningside, mahali panapopendwa na wageni katika milima ya Uluguru, pako kwenye karibu mita 1,300. Hiyo ni kupanda mita 800 kwa safari moja. Mtu aliyezoea mazoezi ataifurahia safari hiyo. Anayeanza atakuwa anasukuma baiskeli muda mwingi kuliko kuipanda.

Lushoto ni mbali zaidi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Segera na Korogwe. Tofauti ni kwamba kazi ya kupanda mlima hufanywa na basi. Kutoka Mombo hadi Lushoto kuna kilomita 33 za lami yenye kona nyingi, zinazopita Soni. Ukishafika mjini tayari uko juu, karibu mita 1,400. Njia ya kwenda Irente, mahali pa kutazamia bonde, ina urefu wa kilomita kama sita, na mwisho wake hauko juu sana kuliko mwanzo wake. Kuna vilima vya kupanda na kushuka, lakini hakuna mlima mmoja mrefu wa kumkatisha mtu tamaa.

Mwandishi alikulia Temeke akiendesha Phoenix ya mjomba kwa kupitisha mguu ndani ya pembetatu ya fremu, kama watoto wengi wa wakati ule. Hajawahi kuwa mwendeshaji wa milimani. Njia ya Irente ilimchukua chini ya saa moja na nusu kwenda, pamoja na kusimama kupumzika. Ni barabara ya udongo mwekundu inayopita katika makazi ya watu, mashamba ya mahindi na maharage, na miti mirefu ya mikaratusi. Ukipita kijiji cha Yoghoi unafika shamba la Irente, linalojulikana kwa mkate, jibini na jamu. Mbele kidogo ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa, karibu mita elfu moja, unaona tambarare ya Mombo na Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari.

Kwa lugha ya biashara, njia hiyo ina mambo manne mazuri. Ni fupi, hivyo baiskeli hurudi siku hiyo hiyo. Ina mahali pa kula na kununua kitu. Mwisho wake unavutia. Tena, mteja akishindwa, anaweza kurudi mjini kwa bodaboda.

Kinyume chake ni barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo. Baadhi ya wageni huiomba kwa sababu ni mteremko mtupu. Mwenye baiskeli za kukodisha asikubali kuwapeleka wanaoanza. Mteremko unashuka karibu mita elfu moja, kona haziishi, na malori ya mboga ya aina ya Fuso yanatumia barabara hiyo hiyo. Ajali moja hapo inaweza kumaliza biashara yote.

Kwa nini baiskeli ya gia na si Phoenix

Baiskeli za milimani kama tunavyozijua zilianza California, Marekani, katika miaka ya 1970, pale vijana wa wilaya ya Marin walipoanza kuteremka vilima kwa baiskeli nzito za zamani na kuziongezea gia na breki imara. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, moja ya baiskeli za kwanza za aina hiyo kutengenezwa kwa wingi kiwandani. Tangu hapo zimeenea duniani, na zile zilizotumika huingia Dar es Salaam pamoja na mitumba mingine.

Tofauti na Phoenix iko kwenye meno. Chukua Phoenix yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu, na unasonga zaidi ya mita tano. Kwenye tambarare ya Kilwa Road hiyo ni nzuri. Kwenye kilima, kila mzunguko wa mguu unabeba mita tano za mlima, na magoti yanashindwa.

Baiskeli ya gia ikiwekwa kwenye sahani ndogo ya mbele yenye meno 28 na ile kubwa ya nyuma yenye meno 28, gurudumu linazunguka mara moja tu kwa kila mzunguko wa pedeli, na unasonga mita kama mbili. Unakwenda taratibu, lakini unakwenda. Anayeanza anahitaji kukumbuka jambo moja: abadilishe gia kabla ya kilima. Akingoja hadi katikati, cheni imeshakazwa na uzito wake, nayo huruka au kukatika. Kila cheni inayokatika ni gharama ya mwenye baiskeli.

Breki ni somo lililomgharimu mwandishi. Katika kurudi, kwenye mteremko mmoja wa kokoto, breki ya nyuma ya baiskeli aliyokodi ililia kama msumeno kisha ikaacha kushika. Mpira wa breki ulikuwa umekwisha na kilichobaki ni chuma kikisugua rimu. Akavuta ya mbele, gurudumu likateleza, na safari ikaishia kwenye shamba la maharage. Hakuumia zaidi ya kuchubuka kiwiko. Mwenye baiskeli, alipoonyeshwa, alisema mpira huo ulikuwa unangojea "mwisho wa mwezi" kubadilishwa. Rimu nayo ilikuwa imeshalika.

Tukio hilo linaonyesha jinsi biashara hii inavyokula mtaji. Mpira wa breki ni kitu cha bei ndogo. Rimu ni ya bei kubwa. Mteja aliyeumia hana bei. Asiyetenga fedha ya vipuri kila siku baiskeli inapotoka atalipa baadaye, na atalipa zaidi.

Kununua: mtego wa inchi 26

Wakati wa kununua baiskeli iliyotumika, mnunuzi azungushe gurudumu aone kama linayumba, atikise pedeli kusikia kama gololi zimelegea, na apitishe kidole kwenye maungio ya fremu kutafuta ufa uliofichwa kwa rangi. Hayo mafundi wengi wanayajua.

Mtego ambao wengi hawaujui uko kwenye saizi ya tairi. Baiskeli nyingi za milimani za zamani zina magurudumu ya inchi 26. Baiskeli za mjini kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele, nyingi nazo zimeandikwa inchi 26. Lakini hizo ni saizi mbili tofauti. Rimu ya ile ya milimani ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa. Nyingi za zile za Kijapani, zenye tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, zina milimita 590. Tairi la moja halikai kwenye nyingine. Mwekezaji atakayechanganya aina hizo mbili atalazimika kuweka akiba mbili za vipuri, na siku moja atakuwa na tairi jipya mkononi na baiskeli isiyoweza kulitumia.

Dawa ni rahisi. Soma ubavuni mwa tairi. Matairi mengi yana namba ya pili, kwa mfano 50-559, ambapo namba ya mwisho ndiyo kipenyo cha rimu. Nunua baiskeli zote za namba moja. Epuka pia breki za mafuta na shokapu za nyuma. Ni vitu vizuri, lakini vikiharibika Lushoto, fundi wa pale na sanduku lake la spana hatakuwa na namna. Breki ya waya inarekebishwa popote.

Ndoto na hesabu

Sasa tuje kwenye fedha. Takwimu zinazofuata zimetokana na bei ambazo mama wa Mbagala alitajiwa mwenyewe pamoja na makisio yetu. Hazitangazwi hapa kama bei ya soko zima. Msomaji aweke bei zake na afuate njia ile ile ya hesabu.

Mama alikuwa amepanga baiskeli kumi kwa Sh. 300,000 kila moja, pamoja na usafiri. Jumla Sh. 3,000,000. Zilizobaki, Sh. 600,000, ni za helmeti, pampu, spana, tyubu na vipuri vya kuanzia. Bei ya kukodi ni Sh. 15,000 kwa siku. Baiskeli moja ikitoka siku moja tutaiita tripu moja.

Hesabu ya ndoto ni hii: baiskeli 10, siku 365, Sh. 15,000. Jumla inazidi Sh. milioni 54 kwa mwaka. Walanguzi wa mawazo ya biashara hupenda sana hesabu ya namna hiyo, na ndiyo inayowafanya watu wauze viwanja.

Hesabu ya kweli inaanza na kalenda. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hugeuza udongo mwekundu wa Lushoto kuwa utelezi. Ondoa miezi hiyo mitatu. Katika miezi tisa iliyobaki, chukulia kwamba wageni wa uhakika huja mwisho wa wiki. Hiyo ni wiki 39, yaani siku 78. Sikukuu za Sabasaba na Nanenane zinaangukia kiangazi na zitaongeza kidogo, lakini vuli, Oktoba hadi Desemba, nayo itapunguza. Tuziache zifidiane.

Kila tripu ya Sh. 15,000 ina gharama zake. Tuseme Sh. 3,000 kwa kijana anayewaongoza wageni na Sh. 3,000 za akiba ya vipuri. Zinabaki Sh. 9,000. Huo ndio mchango wa tripu moja katika kulipia gharama nyingine zote.

Gharama nyingine zote ni zile zinazokuja hata baiskeli zikilala: mshahara wa mtunzaji Sh. 120,000 kwa mwezi, pango la banda Sh. 40,000, na leseni na mengineyo Sh. 20,000. Jumla Sh. 180,000 kwa mwezi, au Sh. 2,160,000 kwa mwaka. Ongeza uchakavu. Tukisema vifaa vyote vya Sh. 3,600,000 vitadumu miaka mitatu, kila mwaka vinapoteza Sh. 1,200,000. Uchakavu haulipwi kwa mtu yeyote, kwa hiyo wengi huusahau, kisha mwaka wa tatu wanajikuta na vyuma chakavu na hakuna fedha ya kununua vingine.

Jumla ya mzigo ni Sh. 3,360,000 kwa mwaka. Gawanya kwa Sh. 9,000, unapata tripu 374. Chini ya hapo ni hasara.

Sasa tazama mwisho wa wiki. Baiskeli tano kati ya kumi zikitoka kila siku kwa siku 78, unapata tripu 390. Faida ni Sh. 150,000 kwa mwaka, au asilimia nne ya mtaji. Mama angeweza kununua vipande vya UTT au dhamana za serikali, akalala usingizi. Zikitoka tatu tu, tripu ni 234 na hasara ni Sh. 1,254,000. Zikitoka saba, tripu ni 546 na faida ni Sh. 1,554,000.

Yaani baiskeli mbili zaidi au mbili pungufu kwa siku ndizo zinazotenganisha mtu aliyefanikiwa na aliyefilisika. Bei ya kununulia haikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni idadi ya zinazolala.

Njia ya kupunguza hatari

Marekebisho ya kwanza ni kununua tano badala ya kumi. Wateja ni wale wale, mtaji unakuwa Sh. 1,800,000 na uchakavu Sh. 600,000. Baiskeli zote tano zikitoka, faida ni Sh. 750,000, zaidi ya asilimia 40 ya mtaji. Lakini zikitoka nne, faida inashuka hadi Sh. 48,000. Mshahara na pango bado ni mzigo mzito kwa biashara ndogo kama hii.

Marekebisho ya pili ndiyo ya muhimu. Badala ya kuajiri mtunzaji na kupanga banda, mwekezaji aingie ubia na fundi baiskeli au mwenye nyumba ya wageni aliyeko Lushoto tayari. Mbia atoe mahali na uangalizi, naye alipwe Sh. 5,000 kwa kila tripu. Mchango wa tripu unashuka kutoka Sh. 9,000 hadi Sh. 4,000, lakini gharama zinazokuja hata baiskeli zikilala zinabaki Sh. 240,000 za leseni na mengineyo, pamoja na uchakavu.

Linganisha. Kwa baiskeli tano zote zikitoka, mwekezaji anapata Sh. 720,000, karibu sawa na mwanzo. Zikitoka nne, anapata Sh. 408,000 badala ya Sh. 48,000. Mambo yakiharibika na zikatoka mbili tu, hasara ni Sh. 216,000. Kwa mpango wa mshahara na pango hasara hiyo ingekuwa Sh. 1,356,000, yaani robo tatu ya mtaji wote kwa mwaka mmoja.

Mbia naye hapunjwi. Zikitoka nne kila siku, anapata Sh. 1,560,000 kwa mwaka, wastani wa Sh. 130,000 kwa mwezi juu ya kazi yake ya kawaida. Faida nyingine ni kwamba sasa ana sababu ya kubadilisha mpira wa breki leo na si mwisho wa mwezi, kwa kuwa baiskeli mbovu haimletei kitu.

Hatari zilizobaki

Utalii ni biashara inayoweza kufungwa na jambo lililotokea mbali. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kigeni takribani milioni 1.5. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, idadi hiyo ilianguka hadi kama 620,000. Mwaka 2023 ilipanda tena hadi milioni 1.8. Aliyekuwa na baiskeli tano na mbia mwaka 2020 alizifunika turubai akasubiri. Aliyekuwa na mshahara na pango alizidi kulipa.

Jambo jingine ni wenyeji. Utalii wa utamaduni una mizizi Lushoto tangu katikati ya miaka ya 1990, ulipoanzishwa kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV na Bodi ya Utalii. Waongozaji wa pale wana taratibu zao, na sehemu ya malipo ya wageni imekuwa ikienda kwenye maendeleo ya vijiji. Mtu wa Dar es Salaam anayeingia na baiskeli zake bila kuzungumza nao atakuta njia imejaa miiba. Aulizie mapema pia kama shughuli yake inahitaji leseni ya utalii, ile inayojulikana kama TALA. Kodi ya mapato haimo katika hesabu yetu, kwa hiyo apate makadirio yake TRA kabla ya kuanza.

Mwisho, baiskeli huibiwa. Piga picha namba ya fremu ya kila moja, ziandikwe kwenye mkataba wa mbia, na mgeni aache kitambulisho.

Mama wa Mbagala alipopewa hesabu hizi aliziangalia kwa muda mrefu, akauliza kama Sh. 3,000 za vipuri zinatosha. Ni swali zuri kuliko la kwanza, na jibu lake ni kwamba zitatosha iwapo mteja hatapelekwa njia ya Mombo. Amesema zamu yake ikitoka atanunua baiskeli tano, zote za milimita 559, na zitapanda mlima kwenye lori linalorudi na matenga matupu. Nusu nyingine ya fedha inabaki kwenye karoti, ambazo anajua zinalala siku ngapi kabla ya kuoza.